Mzee wa miaka 62 angefikaje Klondike kwa nchi kavu mwaka 1898?

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika riwaya fupi ya kihistoria ambayo mhusika wake mkuu ni mtafuta dhahabu mwenye umri wa miaka 62, naye anaondoka Edmonton, Kanada, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1898 akielekea Klondike, eneo la dhahabu huko Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Si mgeni wa kazi hii: alichimba Cariboo, British Columbia, mwaka 1862 akiwa kijana, akawa Cassiar, kaskazini mwa jimbo hilo hilo, mnamo 1874, kisha akatulia shambani kwa zaidi ya miaka ishirini. Meli ya Portland ilipotia nanga Seattle tarehe 17 Julai 1897 ikiwa imewabeba wachimbaji waliorudi na dhahabu yao, habari zilimfikia hata yeye, na mwaka uliofuata akauza mifugo, akanunua farasi na kushika njia.

Nimemchagulia njia ya nchi kavu ya Edmonton kwa sababu wafanyabiashara wa mji huo waliinadi kuwa njia inayopita ndani ya Kanada mwanzo hadi mwisho, isiyo na forodha ya Marekani wala milima ya kutisha ya pwani, na wapo walioahidi kwamba mtu angefika kwa siku 90. Ninachohitaji kutoka kwenu ni uhalisia. Je, mtu wa umri ule angeweza kufika? Ni kitu gani hasa kingemwangusha: umri, baridi, njaa au njia yenyewe? Na ujuzi wake wa ujanani ungemfaa akishafika, au ungekuwa mzigo mwingine wa kubeba? Sihitaji kufarijiwa, kama safari haiwezekani, nitaibadilisha hadithi ningali mapema.

Ramani Kuukuu

Ndugu mleta mada, kuondoka kwake kunaaminika kabisa, kwa kuwa katika msafara ule walikuwamo watu wa kila rika. Kufika kwake ndiko kwenye shida, na zile siku 90 uzifute.

Kipimo kizuri cha njia hiyo ni safari ya Inspekta J. D. Moodie wa Polisi wa Farasi wa Kaskazini-Magharibi, ambaye serikali ilimtuma kuitafuta na kuiwekea alama. Aliondoka Edmonton Septemba 1897 akiwa na askari, wenyeji wa kumwongoza na kundi la farasi, na alifika Fort Selkirk kwenye Mto Yukon Oktoba 1898. Huyo alikuwa afisa mwenye amri ya kununua chochote alichohitaji katika vituo vya biashara vya njiani, na bado alitumia zaidi ya mwaka mmoja. Mzee wako anakwenda kwa fedha za mifugo yake.

Sasa tumfuate njiani. Kutoka Edmonton anakwenda Fort Assiniboine, na kutoka hapo anaingia Swan Hills kwa njia iliyofyekwa haraka haraka mwaka huo huo wa 1898 kuelekea Ziwa Lesser Slave. Huko ndiko msafara wa Edmonton ulikovunjika mgongo. Miti ilikuwa imeanguka ikapandana, ardhi ilikuwa kinamasi, na malisho yalikuwa haba kiasi kwamba farasi waliotangulia walimaliza nyasi zote na waliofuata wakafa njaa. Inakadiriwa kwamba farasi 2,000 hivi walikufia katika kipande hicho peke yake. Akivuka salama, bado ana Peace River, Fort St. John, Fort Nelson, bonde la Mto Liard, kisha milima ya kumtoa upande wa Mto Pelly. Jumla yake inafikia karibu kilomita 2,400.

Usisahau pia kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Huko Fort St. John wapita njia waliiba farasi wa Wadane-zaa na kuharibu mitego yao, nao Wadane-zaa wakalipiza kwa kuyasukuma magari ya wageni hao yakabingirika mlimani hadi bondeni. Mkataba Namba 8 wa mwaka 1899, kati ya serikali ya Kanada na watu wa asili wa eneo hilo, ulichochewa kwa sehemu na misukosuko ya namna hiyo. Mzee aliyewahi kuishi Cariboo angejua kuomba ruhusa na kununua nyama kwa wenyeji kabla ya kupiga hema. Vijana wengi hawakujua, na nadhani hapa ndipo riwaya yako inapoweza kumpa nafuu ya kweli.

Kuhusu umri, tazama mizigo badala ya hatua. Mtu aliyejiandaa kwa mwaka mzima alikuwa na kama kilo 900 za chakula na vifaa, na farasi wa mizigo katika njia ya namna ile habebi zaidi ya kilo 90 akadumu, kwa hiyo tunazungumzia farasi wasiopungua kumi. Kila asubuhi farasi hao wanatafutwa msituni, wanatandikwa, wanapakiwa na kufungwa kwa kamba zilizolowa. Kila jioni kazi yote inafanywa kinyume. Na katikati ya siku kuna kuwavuta wale waliozama kwenye tope hadi kifuani. Mzee anaweza kutembea kilomita 15 kwa siku bila kulalamika. Kuinua magunia ya kilo 45 kufikia mgongo wa farasi mara ishirini, siku baada ya siku, huku mbu wakimfunika uso, ni jambo jingine, hivyo mpe mwenzi mwenye nguvu au umpunguzie mizigo mapema.

Hesabu ambazo wanahistoria huzitaja kwa waliopita nchi kavu kutoka Edmonton ni takriban watu 770 walioondoka na 160 hivi waliofika Yukon. Wengi wa hao waliofika walikuta mwaka 1899 umeingia.

Mpanda Ngazi

Nakubaliana na mchangiaji aliyenitangulia kuhusu njia, ila nina tatizo na mhusika mwenyewe. Mtu aliyechimba Cariboo na Cassiar asingenunua maneno ya siku 90 kutoka kwa wauza vyakula na matandiko. Alishaona mbio mbili za dhahabu, kwa hiyo anajua kwamba anayetajirika kwanza ni mwenye duka. Mtu huyo angeshuka pwani, apande meli hadi Dyea huko Alaska, avuke milima kwa kipito cha Chilkoot.

Najua mtasema Chilkoot ilikuwa ya vijana. Basi mtazameni Kapteni William Moore. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1822, akaendesha meli za mtoni na kufuata dhahabu Fraser, Cariboo na Cassiar. Mwaka 1887, akiwa na miaka 65, alipita kipito cha White Pass pamoja na Keish, Mtagish ambaye wageni walimwita Skookum Jim, wakati wa kazi ya upimaji iliyoongozwa na William Ogilvie, kisha akajitwalia ardhi kwenye ghuba ya Skagway akiamini kwamba siku moja dhahabu itapatikana upande wa pili wa milima. Mwaka 1896, akiwa na miaka 74, alikuwa akisafirisha barua kwa mkataba wa serikali ya Kanada kati ya Juneau na eneo la Fortymile, ndani kabisa ya Yukon, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwenda tu. Mwaka huo huo Keish na jamaa zake walikuwa miongoni mwa waliogundua dhahabu kwenye kijito cha Bonanza. Mwaka 1897 umati ulishuka Skagway, ukapima viwanja juu ya ardhi ya Moore bila kumuuliza, ukachora barabara iliyopita penye nyumba yake, na inasimuliwa kwamba waliokuja kuihamisha aliwakabili na mtaimbo mkononi. Alipata haki yake mahakamani miaka baadaye. Kwa hiyo umri pekee haukumzuia mtu, mradi awe hakuacha kutembea. Na mzee wako, kumbuka, ameacha kutembea kwa miaka ishirini.

Kuhusu Chilkoot yenyewe, iliyoogopesha watu kwenye picha ni ngazi zilizochongwa kwenye barafu, zipatazo 1,500, na foleni nyeusi ya watu ikipanda bila kukatika. Iliyowachosha hasa ilikuwa marudio. Kuanzia mwanzoni mwa 1898 polisi wa Kanada waliokaa kileleni hawakumruhusu mtu kupita bila chakula cha kumtosha mwaka mzima, na ukijumlisha vifaa mzigo ulikaribia tani moja. Anayebeba kilo 27 kwa safari atapanda zaidi ya mara thelathini, na kila anapofikisha mzigo hurudi mtupu kuufuata mwingine, hivyo kilomita 53 za kutoka Dyea hadi Ziwa Bennett zinageuka kuwa elfu kadhaa za mguu. Wakati wa kushuka ngazi walikaa chini wakateleza, na nadhani hiyo ndiyo starehe pekee waliyoipata.

Mwenye fedha aliajiri wapagazi wa Kitlingit, ambao bei yao ilipanda kadiri umati ulivyoongezeka, na kufikia majira ya kuchipua ya 1898 kulikuwa na kamba za mitambo zilizopandisha mizigo juu kwa senti chache kwa ratili. Hapo ndipo mzee mwenye fedha za ng'ombe anapomshinda kijana asiye na kitu: analipia mzigo, naye anapanda mikono mitupu kwa mwendo wake. Edmonton haikumpa mtu nafasi hiyo kwa bei yoyote.

Angalia tu tarehe zako. Tarehe 3 Aprili 1898, Jumapili ya Matawi, maporomoko ya theluji yaliwaua zaidi ya watu sitini upande wa Dyea, baada ya wapagazi wenye uzoefu kukataa kupanda kwa sababu waliona theluji imelegea. Mzee mwenye busara angekaa hemani siku hiyo kwa kuwatazama wao.

Mganga Mstaafu

Nitajibu swali moja tu, la kilichowaangusha. Baridi iliua wachache kuliko mnavyodhani, kwa sababu mtu huiona ikija. Kiseyeye kilikuja kimyakimya. Baada ya miezi kadhaa ya kula maharage, nyama ya nguruwe iliyokaushwa na mkate wa unga mweupe, mtu huanza kuchoka bila sababu, miguu huvimba, ngozi ikibonyezwa huacha shimo lisilojaa, ufizi huvuja damu na meno hulegea, na makovu ya zamani huweza kufunguka upya. Kambi ya Wind City, ambako watu wa njia za Edmonton walikwama katika majira ya baridi ya 1898 hadi 1899, ilisumbuliwa sana na ugonjwa huo, na wale waliokwama upande wa Valdez, Alaska, walikutwa na hali hiyo hiyo.

Dawa ilikuwa imewazunguka. Watu wa asili walichemsha majani ya miti ya jamii ya msonobari na kunywa maji yake, na nyama mbichi au isiyoiva sana nayo ilisaidia. Wageni wengi waliudharau ushauri huo hadi walipokuwa hawawezi kusimama. Mzee wako, ikiwa meno yake ni mabovu na chakula chake ni laini, angekuwa wa kwanza kuugua katika kundi; lakini ikiwa alikiona kiseyeye Cariboo, angekuwa wa kwanza pia kukitambua. Chagua mojawapo, usimpe vyote.

Nyongeza ndogo ni kuhusu wenzi. Waliofika Ziwa Bennett walipaswa kujenga mashua za kushukia Mto Yukon, na mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini akila unga wa mbao. Urafiki mwingi ulivunjika hapo, kiasi kwamba wapo waliogawana mashua, jiko na hata kikaango vipande viwili ili kila mmoja aondoke na haki yake. Mzee hapaswi kushika msumeno huo kwa wiki tatu kisha akaendelea na safari kama kwamba halikutokea jambo.

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Nawashukuru sana. Hoja ya Mpanda Ngazi kwamba mtu wa Cariboo asingedanganyika na Edmonton imenigusa pabaya, kwa kuwa ni ya kweli. Lakini sitaki kumpeleka Chilkoot, ambako kila hadithi imekwisha kupita. Je, ipo njia ya nchi kavu ambayo mtu wa historia yake angeiamini kwa sababu za haki? Na lile swali langu la mwisho, kuhusu ujuzi wake akishafika, bado halijajibiwa.

Mchanga Mweusi

Ipo, nayo ni ya Ashcroft. Mtege mzee wako kwa kumbukumbu zake mwenyewe.

Ashcroft ni kituo cha reli kusini mwa British Columbia, na kutoka hapo hadi Quesnel anapita nchi ya Cariboo anayoijua. Baada ya Quesnel njia inafuata mkuza wa waya wa telegrafu uliofyekwa na kampuni ya Marekani kati ya 1865 na 1867, ilipokusudiwa kuiunganisha Amerika na Ulaya kupitia Siberia, kisha mradi ukaachwa kwa sababu waya wa chini ya Atlantiki ulifanikiwa mwaka 1866. Njia inaendelea hadi Hazelton, halafu Telegraph Creek kwenye Mto Stikine, ambako tena anaingia nchi anayoijua, kwa kuwa Cassiar iko jirani. Yaani mwanzo anaufahamu na mwisho anaufahamu. Katikati ndiko asikokujua, na ndiko kunakoua. Miaka thelathini ilikuwa imeurudisha mkuza ule kuwa msitu, mvua ya 1898 iliugeuza tope, malisho yalikwisha baada ya makundi ya kwanza, na farasi walikula mimea yenye sumu kwa njaa. Zaidi ya watu elfu moja waliijaribu, na wengi walirudi au walishuka Stikine kutafuta meli ya kuwarudisha pwani.

Anayetaka mfano halisi amtazame Norman Lee, mfugaji wa Chilcotin, aliyeondoka Mei 1898 na ng'ombe 200 akinuia kuuza nyama Dawson, mji wa wachimbaji wa Klondike. Aliwafikisha wengi wao hadi karibu na Ziwa Teslin, jambo ambalo ni ajabu tupu, akawachinja huko kwa kuwa baridi ilikuwa imekaribia, akapakia nyama kwenye majahazi ya kujitengenezea, na dhoruba ya ziwani ikayavunja. Alirudi mikono mitupu. Hakuwa mzee, na alikuwa mfugaji hodari, kwa hiyo usione haya kumshinda mhusika wako mahali hapo hapo. Lakini ukitaka afike, mfikishe Teslin mwishoni mwa kiangazi akiwa na farasi wawili waliobaki, akae huko majira ya baridi, na barafu ikivunjika 1899 ashuke kwa mashua hadi Mto Yukon na Dawson.

Sasa ujuzi. Sehemu yake ungemfaa siku zote: kusoma mto, kupima karai kwa macho, kutambua mchanga mweusi mzito unaofuatana na dhahabu. Sehemu nyingine ingemdanganya. Kwanza, ardhi ya Klondike imeganda mwaka mzima, na changarawe yenye dhahabu iko chini ya mita kadhaa za tope gumu kama jiwe. Wachimbaji waliwasha moto usiku, asubuhi wakachimba kiasi kidogo kilicholainika, wakawasha tena, hadi kufikia mwamba. Udongo ulivutwa juu kwa roda ya mkono na kurundikwa, ukasubiri maji ya majira ya kuchipua ndipo uoshwe kwenye mifereji ya mbao. Mtu wa Cariboo alijua kuzuia maji yasifurike shimoni. Hapa shimo halikufurika, lakini lilidai kuni usiku kucha na kumjaza moshi machoni.

Pili, wazoefu wote walijua kwamba dhahabu ni nzito na hukaa chini ya bonde, hivyo waliwacheka wageni waliochimba juu kwenye miteremko mwaka 1897. Wageni wakapata dhahabu huko, kwenye changarawe ya mto wa kale uliowahi kupita juu zaidi ya vijito vya sasa. Kwa fikra zangu, hili ndilo jambo chungu kuliko yote unayoweza kumpa mhusika wako: kupita kilomita elfu mbili akiubeba ujuzi wake kama mali, na kukuta kwamba aliyeokota utajiri ni karani asiyejua kitu.

Hata hivyo kufikia 1899 vitalu vizuri vya vijito vya Bonanza na Eldorado vilikuwa na wenyewe tangu 1896, na serikali ilikuwa ikidai mrabaha wa asilimia 10 ya dhahabu iliyotolewa. Angebaki kibarua katika kitalu cha mwingine. Lakini usimalizie Dawson, kwa sababu kiangazi hicho hicho habari za dhahabu ya Nome, Alaska, zilifika, na maelfu waliteremka Mto Yukon kwa meli za mvuke kuelekea Bahari ya Bering. Huko dhahabu ilipatikana kwenye mchanga wa ufukweni, na anayetajwa kuigundua ni mtafuta dhahabu mzee kutoka Idaho, John Hummel, ambaye alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kwenda kwenye vijito vya ndani na wenzake, akajaribu mchanga uliokuwa karibu. Ufukwe haukuruhusiwa kumilikishwa mtu, hivyo yeyote mwenye koleo na sanduku la kutikisia mchanga alifanya kazi palipokuwa na nafasi, na kiangazi hicho ufukwe ulitoa dhahabu ya zaidi ya dola milioni 1. Hapakuwa na shimo la kuyeyusha wala mzigo wa kupandisha mlimani, na kutikisa sanduku la mbao kando ya maji ni kazi ambayo mzee wako aliijua tangu 1862.